Dumu halijajaa, mashine inasema limejaa: kutafuta hitilafu kwenye kihisi kidogo cha maji

Mama mmoja alitega dumu chini ya mashine ya maji mtaani kwetu Dar es Salaam, akalipia lita 20, mashine ikakata, na dumu likabaki na pengo la kiganja kizima. Kioo kiliandika 20.0. Mwenye mashine aliponiita alikuwa ameshanunua kihisi kipya, yaani kile kifaa kinachopima maji yanayopita, kwa sababu fundi aliyenitangulia alimwambia cha zamani kimekufa. Tulipofunga kipya, pengo likabaki lile lile. Pesa imetoka na mama bado anapunjwa.

Naandika haya kwa mafundi wenzangu na kwa wenye mashine, maana naona vihisi vizima vikitupwa kila wiki. Chanzo cha makosa mengi ni kusahau jambo moja: kihisi hiki hakijui maji. Kinachojua ni kwamba pangaboi dogo limezunguka. Nani amelizungusha, maji au hewa, na kila mzunguko umepitisha maji kiasi gani, hayo tunayaongeza sisi kwa hesabu zetu. Kwa hiyo kila tatizo lina maswali mawili tofauti. Je, mapigo, yaani ishara za umeme za kihisi zilizofika kwenye bodi (kompyuta ndogo ya mashine), ni mapigo ya kweli? Na je, kila pigo lina maji tunayoyadhania? Ukiyachanganya maswali haya utabadilisha vipuri mpaka mfuko uishe.

Kilichomo ndani

Nachukua kihisi cha nusu inchi cha YF-S201, kwa kuwa ndicho ninachokikuta mara nyingi. Ukifungua skrubu za kifuniko utaona pangaboi la plastiki lenye sumaku. Maji yanaingia kwa pembeni, yanasukuma panga, yanatoka upande wa pili. Nyuma ya ukuta wa plastiki, mahali pasipoguswa na maji, kuna kipande cha elektroniki kinachohisi sumaku ikipita. Kinatumia athari aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 akiwa bado mwanafunzi kule Baltimore, Marekani. Wazo lenyewe la kupima maji kwa panga linalozunguka ni la zamani zaidi. Mjerumani Reinhard Woltman alilieleza mwaka 1790, na mita kubwa za mabomba za aina ile bado zinaitwa kwa jina lake.

Waya ni tatu. Nyekundu ni umeme, nyeusi ni hasi, ya njano ni ishara. Sumaku ikipita, volti kwenye waya ya njano inashuka kisha inapanda, na hilo ndilo pigo moja. Mtengenezaji anasema mapigo kwa sekunde ni 7.5 mara lita kwa dakika, ambayo ni sawa na mapigo 450 kwa lita. Dumu la lita 20 linahitaji mapigo 9,000. Kihisi kinafanya kazi kati ya lita 1 na 30 kwa dakika. Mdogo wake, YF-S401, ni wa maji machache, lita 0.3 hadi 6 kwa dakika, na unatoa mapigo 5,880 hivi kwa lita. Ukimfunga mdogo mahali pa mkubwa bila kubadilisha namba kwenye programu, mashine itakata kabla hata lita mbili hazijatoka. Nimeyaona haya.

Namba 450 ni ya kuanzia tu. Vihisi hivi huuzwa kwa usahihi wa asilimia 10 juu au chini kabla ya kusawazishwa, yaani kulinganishwa na kipimo cha kweli, na asilimia 10 ya dumu ni lita 2. Anayeuza maji kwa namba iliyotoka kiwandani bila kuihakikisha hajui anauza nini.

Anza na mizani, siyo bisibisi

Kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio la ndoo. Iandikie programu ionyeshe idadi ya mapigo, achana na lita kwa sasa. Pima ndoo tupu kwenye mizani, toa maji, pima tena. Usitumie dumu kama kipimo. Madumu ya njano ya mafuta ya kula yanaitwa ya lita 20, lakini mengi yanabeba zaidi ukijaza mpaka mdomoni, na yakikaa juani yanabonyea na kuvimba. Mizani haina mambo hayo. Maji ya joto la nyuzi 30 yana uzito wa gramu 996 hivi kwa lita, basi gawanya kilo kwa 0.996 upate lita.

Mfano: mapigo 8,910 yametoa kilo 19.40. Hizo ni lita 19.48. Gawanya 8,910 kwa 19.48, unapata 457. Hiyo ndiyo namba ya kihisi hiki, kwenye bomba hili, kwa presha hii. Rudia mara tatu. Zikikaribiana, iandike kwenye programu. Zikiachana sana, mfano 457, 431, 490, usiandike wastani wake. Namba zinazorukaruka maana yake kuna hitilafu bado, na wastani utaificha tu.

Jaribio hili linakupa pia dalili iliyo bora kuliko zote, nayo ni upande wa kosa. Dumu likipungua, bodi imepokea mapigo mengi kuliko maji yaliyopita. Dumu likizidi, mapigo yamekuwa machache kuliko maji. Magonjwa ya upande mmoja ni tofauti kabisa na ya upande mwingine, na ukijua upande umeshapunguza nusu ya kazi.

Maji yanatoka, kioo kinasoma 0

Chukua mita ya umeme, weka kwenye volti za DC. Kwanza pima kati ya waya nyekundu na nyeusi pale pale kwenye kihisi, si kwenye adapta. YF-S201 inataka kuanzia volti 4.5 hadi 18, na waya nyembamba ndefu zenye maungio yaliyosokotwa kwa mkono zinaweza kula volti hizo njiani.

Umeme ukiwepo, pima waya ya njano dhidi ya nyeusi, kisha kitoe kihisi kwenye bomba na upulize kwa mdomo polepole sana ndani yake. Mita ionekane ikiruka, karibu 0, halafu karibu na volti ya umeme, halafu 0. Ikiruka, kihisi ni kizima na ugonjwa uko kwenye waya au bodi. Isiporuka na pangaboi unalisikia likizunguka, ama kipande cha elektroniki kimekufa, ama waya ya njano haina cha kuivuta juu, yaani kuirudisha kwenye volti ya umeme. Weka resista ya kilo-omu 10 kati ya njano na nyekundu, ujaribu tena kabla ya kutoa hukumu.

Hapo kwenye kuvutwa juu pana mtego mkubwa wa ESP32, mojawapo ya bodi zinazotumika kwenye mashine hizi. Wengi huwasha resista ya ndani ya bodi kwa programu na kuona kazi imekwisha. Lakini pini 34 hadi 39 za ESP32 ni za kupokea tu na hazina resista hiyo ndani yake. Programu haitalalamika, kihisi kitaonekana kimekufa, na kosa ni uchaguzi wa pini. Jambo la pili kuhusu bodi hiyo: pini zake ni za volti 3.3, na kihisi kilichopewa volti 5 kinaweza kurudisha volti 5 kwenye waya ya njano. Gawanya volti kwa resista mbili, kilo-omu 10 upande wa kihisi na kilo-omu 20 kwenda hasi, pini ipate 3.3. Bila hivyo bodi inaweza kufanya kazi siku kadhaa, halafu pini ikaungua.

Pangaboi likiwa halizunguki kabisa, fungua. Mara nyingi utakuta kipande cha ile tepu nyeupe ya kufungia hesi za mabomba kimejisokota kwenye panga. Fundi akizungushia tepu mpaka kwenye mdomo wa bomba, maji yanakata kipande na kukibeba. Acha hesi moja ya mwanzo bila tepu. Kingine ni mchanga wa kisima. Na cha tatu, kutu. Ndani kuna sumaku, na mabomba ya chuma ya zamani yanamwaga chembechembe nyeusi ambazo sumaku inazikusanya kidogo kidogo mpaka pangaboi linavaa ndevu. Futa kwa kitambaa laini, rudisha vishikizo vidogo kama ulivyovikuta, kisha weka chujio kabla ya kihisi. Kihisi kisicho na chujio kitakurudisha pale pale.

Maji hayatoki, kioo kinasoma

Ukiona kioo kimesimama kwenye lita 6.67 kwa dakika bila kutikisika na koki imefungwa, usiguse bomba. Zidisha 6.67 kwa 7.5, unapata 50. Umeme wetu wa nyumbani hupiga mara 50 kwa sekunde, na waya ya ishara iliyoachwa ikielea inauokota kama antena. Programu inayohesabu kupanda na kushuka kwa pamoja itakuonyesha 13.3 badala yake. Tafuta waya ya njano iliyoachia, resista iliyokosekana, au hasi ya kihisi isiyoungana na hasi ya bodi.

Kama kioo kinaruka pale tu pampu inapowaka au valvu (koki ya umeme inayokata maji) inapofunga, hiyo ni kelele ya umeme. Koili ya valvu ikikatiwa umeme inarusha volti kubwa kinyumenyume. Daiodi ya 1N4007 iliyofungwa sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya, inaimaliza palepale. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko soda na bado nakuta mashine nyingi hazina. Halafu tenganisha waya za kihisi na za pampu. Zisipite kwenye bomba moja la nyaya. Waya ikiwa ndefu, punguza resista ya kuvuta iwe kilo-omu 4.7, na weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya njano na hasi pale kwenye bodi.

Programu nayo isaidie. Kwa lita 30 kwa dakika, kiwango cha juu kabisa, mapigo ni 225 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 4.4. Pigo linalokuja chini ya milisekunde 2 baada ya jingine haliwezi kuwa maji. Litupe.

Kuna kusoma kwingine kusiko kwa umeme. Maji yanayobaki kwenye mpira yakirudi nyuma yanazungusha pangaboi kinyume, na kihisi hakijui mbele wala nyuma, kila mzunguko kwake ni pigo. Kama bomba linapanda kutoka kwenye kihisi na tenki liko chini, utaona mapigo machache kila pampu inapozima. Valvu ya njia moja inatibu.

Dumu linapungua

Hapa ndipo mteja anapoumia, kwa hiyo nakaa zaidi.

Anza na makosa ya namba kamili. Dumu likiwa nusu sawasawa, lita 10 badala ya 20, usihangaike na maji: programu inahesabu kupanda na kushuka kwa kila pigo, hivyo mapigo yamekuwa maradufu. Uchafu hauwezi kutoa nusu kamili. Uchafu na hewa vinatoa namba za ovyo, leo lita 18, kesho 17 na nusu.

Hewa ndiyo mwizi mkubwa. Hewa ikipita inalizungusha pangaboi kama maji, tena kwa kasi, na kila mzunguko unaandikwa kuwa maji. Kwenye mashine inayopokea maji ya bomba moja kwa moja, maji ya mgao yakirudi baada ya siku mbili yanakuja yakisukuma hewa iliyojaa mabomba ya mtaa mzima. Wateja wa kwanza wa asubuhi hiyo wananunua upepo. Tenki la katikati linaondoa tatizo hilo, maana hewa inatokea juu ya tenki kabla maji hayajafika kwenye kihisi.

Tenki nalo lina lake. Maji yakikaribia tundu la kutokea yanafanya kizingia, kama maji ya beseni yanapokwisha, na kizingia kinavuta hewa. Weka kielea kinachozuia mashine kuuza maji yakishuka chini ya kiganja kimoja juu ya tundu.

Na sasa mashine ya yule mama. Tenki lilikuwa chini, pampu juu ya ardhi ikivuta. Nilikagua maungio yote, hakuna lililovuja hata tone. Nikafunga mpira mweupe unaopitisha mwanga baada ya pampu, nikawasha, na maji yakapita yakiwa na rangi ya maziwa. Hewa ilikuwa inaingia kwenye ungio kati ya tenki na pampu. Upande wa kuvuta, ungio bovu halitoi maji nje, linaingiza hewa ndani, kwa hiyo macho hayaoni kitu na sakafu ni kavu. Ukitaka kulipata, paka povu la sabuni kwenye kila ungio la upande huo pampu ikiwa inafanya kazi. Povu litanywewa mahali penye tundu. Tulikaza upya ungio moja, na kipimo kikarudi. Kihisi cha zamani, kile kilichoitwa kimekufa, ndicho tulichokirudisha kazini.

Chanzo kingine cha mapigo ya ziada ni namna maji yanavyoingia. Elbo iliyofungwa mdomoni mwa kihisi, au kipande cha tepu kilichoziba nusu ya tundu, kinayapeleka maji kama mshale kwenye panga. Kanuni ya mita za aina hii ni bomba lililonyooka mara kumi ya kipenyo kabla ya mita na mara tano baada yake. Kwa nusu inchi, sentimita 15 na 8 hivi zinatosha. Nafasi ikikosekana kabisa, funga hivyo hivyo lakini sawazisha kikiwa mahali pake, na usimwamini anayesawazisha mezani halafu akafunga kwenye kona.

Dumu linazidi

Mteja halalamiki, kwa hiyo tatizo hili linaishi muda mrefu. Mililita 50 kwa dumu ni kama kikombe kidogo cha kahawa, lakini kwa madumu 200 ni lita 10 kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha mwenye mashine.

Chanzo cha kwanza ni msuguano. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi na chokaa, na baada ya miezi pangaboi linavaa ukoko mweupe. Linazunguka kwa uzito, mapigo yanapungua, maji yanapita bila kuandikwa. Loweka pangaboi kwenye siki ya kawaida kwa saa moja, suuza. Tindikali kali ya kusafishia vyoo usiiguse, inakula plastiki.

Cha pili ni maji machache. Chini ya lita 1 kwa dakika pangaboi linasita au linasimama kabisa, na maji yanapenya pembeni yake. Ndiyo maana mashine inayotegemea tenki la juu bila pampu inapima sawa asubuhi tenki likiwa limejaa, na jioni inagawa zaidi. Presha imeshuka, mwendo umeshuka, na ile namba 457 haipo tena. Ukiweza, weka pampu ndogo ili mwendo uwe mmoja siku nzima. Usipoweza, sawazisha mara mbili, tenki likiwa limejaa na likiwa karibu tupu, kisha programu ichague namba kulingana na kasi ya mapigo. Koki inayodondosha usiku kucha nayo haitaonekana kwenye kioo hata siku moja.

Cha tatu ni mapigo yanayopotea ndani ya bodi. Programu nyingi za mfano zinazozunguka mitandaoni hufunga mlango wa mapigo wakati zinaandika kwenye kioo, kisha zinaufungua tena. Kwa lita 10 kwa dakika pigo linakuja kila milisekunde 13. Kuandika kwenye kioo kukichukua muda kama huo, unapoteza pigo moja hivi kila sekunde, zaidi ya asilimia 1. Acha mlango wazi muda wote. Nakili hesabu kwa haraka, kisha uandike kwenye kioo kwa raha yako.

Cha nne ni valvu inayochelewa kufunga. Kwa lita 12 kwa dakika, kila sekunde inapitisha mililita 200. Valvu ikichukua robo sekunde, mililita 50 zimepita baada ya amri. Dawa ni kukata mapema, lakini usikisie. Funga kihisi kabla ya valvu, na programu ihesabu mapigo yanayoingia baada ya amri ya kufunga. Ichukue wastani wa mauzo kumi yaliyopita, na mara inayofuata ikate mapema kwa idadi hiyo. Kwa mfano huu ni mapigo 23 hivi. Mashine inajirekebisha yenyewe valvu inapozeeka. Kihisi kilichowekwa kabla ya valvu kina faida nyingine pia: kinabaki kimejaa maji wakati wote, na kila dumu linaanza bila hewa.

Madumu sawa, pipa linaharibika

Dalili hii inawachanganya sana. Madumu ya lita 20 yanatoka sahihi mwezi mzima, siku mteja analeta pipa la lita 200 mashine inakata kwenye lita 54. Au haikati kabisa, maji yanafurika.

Arduino Uno, bodi nyingine ya mashine hizi, inahifadhi namba ya kawaida kwenye biti 16, na mwisho wake ni 32,767. Lita 200 mara 450 ni 90,000. Namba hiyo haiingii. Ikikatwa inabaki 24,464, na ukigawa kwa 450 unapata 54.4. Ukiwa umeandika lengo vizuri lakini hesabu ya mapigo ikabaki ya biti 16, inafika lita 72.8 na kugeuka hasi, lengo halifikiwi kamwe, na valvu inabaki wazi. Tumia namba ndefu ya biti 32 kwa yote mawili, na alama ya kuiambia programu kwamba hesabu hiyo inabadilika nyuma ya pazia. ESP32 haina tatizo hili, ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri huko inaweza kuharibika ukiihamishia Uno.

Kwa usalama, weka pia kikomo cha muda: dumu la lita 20 likichukua zaidi ya dakika tano, funga kila kitu. Na pampu ikiwaka kwa sekunde tano bila pigo hata moja, izime. Kihisi kilekile kinachouza maji kinaweza kuokoa pampu isiungue ikizunguka kavu.

Valvu yenyewe

Valvu nyingi za plastiki za volti 12 za nusu inchi zinahitaji presha ya maji ili zifunguke vizuri, angalau megapaskali 0.02, sawa na maji yaliyosimama mita 2 juu yake. Tenki kwenye kigoda kifupi halifikishi. Utasikia valvu ikilia tiki, na maji yanachuruzika tu. Isipofunga kabisa, fungua utafute mchanga kwenye mpira wake wa ndani. Ikifunga kwa kishindo kinachotikisa mabomba, punguza mwendo kwa koki ya mkono, maana kishindo kile kinapasua maungio na kupiga pangaboi.

Ukitaka kupima kisicho maji

Kwa kutiririka, maziwa ni mazito karibu mara mbili ya maji, na yakiwa baridi zaidi ya hapo. Namba uliyoipata kwa maji haifai. Sawazisha kwa maziwa yenyewe, kwa baridi ile ile ya kuuzia, na uhakikishe kihisi kinafunguka kwa ajili ya kuoshwa, kwa sababu maziwa yaliyoganda nyuma ya pangaboi ni hatari kwa mnywaji. Kupima mafuta ya kupikia, hapana. Uzito wake wa kutiririka ni makumi ya mara ya maji, na unabadilika asubuhi na mchana kwa joto. Huko tumia mita ya gia mbili za umbo la yai.

Anayeuza kwa lita aihakikishe mashine yake kwa Wakala wa Vipimo pia. Mzani wako wa nyumbani ni wa kutafutia hitilafu.

Kwenye mashine ya yule mama nilimaliza kwa kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko: tarehe, 457, mapigo 23 ya kukata mapema, na kilo za ndoo tatu za majaribio. Fundi atakayefuata atapima ndoo moja na kulinganisha, kabla hajamwambia mtu kwamba kihisi kimekufa.